Ofisa wa probesheni tumemgeuza karani, sasa nani atatembea mtaani?

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako hata kama barua yangu imekuwa ndefu. Ukiona imezidi kata popote unapotaka, ila ile sentensi ya mwisho niachie, kuna mtu nataka aisome.

Juzi asubuhi nilikuwa stejini hapa Kaptembwo, Nakuru, nangoja gari ya tauni, makanga wawili wakawa wanapiga stori ya kijana mmoja wa Rhonda aliyeshikwa na simu ya mtu, akakubali makosa, hakimu akampa probesheni badala ya jela, yaani arudi nyumbani akiangaliwa na ofisa. Mmoja akasema, "Huyo amenunua kesi, probesheni ni njia tu ya kununua kesi," na mwenzake akaitikia kama yuko kanisani. Sikusema kitu, gari ilikuwa imefika na pia mimi si mtu wa kubishana na makanga kabla sijakunywa chai. Lakini hayo maneno nilishinda nayo siku nzima, kwa sababu miaka michache iliyopita ni mimi ningeyasema, tena kwa sauti kuwashinda wote wawili.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nina kibanda kando ya barabara, natengeneza milango, madirisha, mageti na vile vitanda vya deka vya shule za bweni. Mwisho wa mwaka 2022 niliibiwa. Mtakumbuka huo mwaka mambo ya skrapu yalikuwa moto, Januari serikali ya Uhuru ilipiga marufuku biashara yote ya vyuma kuukuu kwa sababu watu walikuwa wanang'oa mpaka vyuma vya minara ya stima, halafu baada ya miezi kadhaa marufuku ikatolewa na wanunuzi wakarudi na mizani zao kama hakuna kitu kilifanyika. Sasa usiku mmoja mtu akakata kufuli yangu akabeba grinda na nyaya za mashine, zile nene za shaba, ya holda inayoshika fimbo ya kuchomelea na ya athi inayobana chuma, mita karibu 20. Kwa asiyejua, hizo nyaya ndizo mkono wa fundi, bila hizo mashine ni sanduku tu la kukalia. Mwizi alizichoma usiku huo huo atoe plastiki abaki na shaba, na moshi ndio ulimtoa maana ile harufu hata mlevi anaijua, wazee wa mtaa wakamkuta nyuma ya ukumbi wa video bado anachokora moto na kijiti. Alikuwa na miaka 19. Nilimjua tangu akiwa mtoto wa kukimbiza tairi.

Niseme ukweli, asubuhi hiyo nilishika nondo. Kama si mama mmoja wa mboga aliyenivuta shati, labda leo ni mimi ningekuwa naandikiwa ripoti.

Kijana akapelekwa kortini, akakubali. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma nikingoja kusikia ni miaka mingapi, mara hakimu akasema anataka kwanza ripoti ya probesheni, mshtakiwa arudi rimandi wiki mbili. Nikatoka nje nikasonya. Nikajua mchezo umeanza.

Wiki iliyofuata akaja mwanamke kwa kibanda changu, amevaa raba nyeupe zilizokuwa zimegeuka rangi ya vumbi letu, faili zake ziko ndani ya kiondo. Alikuwa ametembea, tulimuona akitoka huko chini kwa nyanya ya huyo kijana kabla ya kufika kwangu. Akasema yeye ni ofisa wa probesheni. Gazeti lako huwaita maofisa wa urekebishaji tabia, ni jina zuri lakini ukilitaja huku mtaani utaulizwa hilo ni kanisa gani. Kiti hakikuwepo, akakalia debe la rangi nililopindua, akaniuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza, si polisi si karani wa korti. "Mzee, hii kitu imekuharibia nini, na wewe mwenyewe ungetaka nini?"

Nikamweleza vile nimerudisha diposit ya geti la watu, vile nimekodi mashine ya mwenzangu kwa mia nane kwa siku, na ninachotaka ni nyaya zangu na huyo kijana afungwe. Akaandika yote mawili. Tena hakuandika ile ya haraka haraka, aliandika maneno yangu vile niliyasema, akanisomea, na pale niliposema "afungwe" hakuwa amepalainisha. Halafu akanyanyuka akaenda kwa landlodi, kwa mzee wa nyumba kumi, na baadaye nikasikia alifika mpaka kwa mwalimu aliyemfundisha huyo kijana kabla hajaacha shule fomu two mama yake alipokufa. Siku mbili za kutembea, kwa mwizi wa nyaya. Mimi nikaona ni upuzi wa serikali kupoteza pesa.

Hakimu akampa miezi 18 ya probesheni. Sheria yenyewe, ile Sura ya 64, inasema isiwe chini ya miezi 6 wala isizidi miaka 3, na hakimu lazima amweleze mtu kwa lugha anayoielewa na mtu akubali mwenyewe. Nilimsikia kwa masikio yangu. Alimwambia, ukivunja masharti nitakuita hapa nikuhukumu kwa kosa hili hili la leo, halijafutwa, limekaa tu hapa linakungoja. Na anilipe elfu 6, mia tano kila mwezi. Hapo ndipo nilianza kuona makanga na watu wa aina yangu tunakosea wapi. Aliyenunua kesi huenda nyumbani akalala. Huyu alienda nyumbani na mtu wa kumfuata.

Na kweli alifuatwa. Yule mama wa raba alikuwa anatokea bila kupiga simu, siku nyingine Jumamosi, siku nyingine jioni giza likianza kuingia, anauliza nyanya kama kijana analala ndani, anapita kwa ukumbi wa video kuchungulia, anapita kwangu kuuliza kama nimelipwa. Mwezi wa kwanza kijana alileta mia tano yote ikiwa ya sarafu, za kumi na za ishirini, alizokuwa amepata kwa kusukuma mkokoteni wa maji. Alizimwaga kwa meza yangu ya kazi akazihesabu mbele yangu na hakuniangalia usoni. Mwezi wa tatu alikuja nikiwa nahangaika na fremu peke yangu, kijana wangu wa mkono alikuwa ameenda mazishi Busia, huyu akaweka pesa chini akaenda akashika athi akaibana kwa chuma mahali panapofaa, bila kuambiwa. Nikamuuliza umejulia wapi. Akasema alikuwa anatuangalia akiwa mdogo.

Ofisa alikuwa ameniuliza mapema kama naweza kumfundisha, na nilikuwa nimemjibu vibaya sana, maneno ambayo siwezi kuandika kwa gazeti la watoto kusoma. Hakukasirika. Hakurudia pia. Alikuja mwezi wa tano akamkuta kijana amevaa ile barakoa yangu ya kuchomea, akanipita kama hajaona kitu, akaenda kununua mandazi matatu kwa jirani, moja yake, moja yangu, moja ya huyo. Hivyo tu.

Halafu akapewa transfa.

Aliyemfuata sitamsema vibaya, na ofisi yao sitaitaja, kwa sababu nitaeleza hapo mbele vile nilimkuta. Lakini tulimuona mtaani mara moja kwa muda wote uliobaki. Kijana sasa ndiye alikuwa anaenda ofisini mara moja kwa mwezi, analipa gari kwenda na kurudi, anapoteza siku ya kazi, anakaa kwa foleni kwa koridoo, akifika mbele anaulizwa "umetulia?" anasema "nimetulia" anaweka sahihi anarudi. Kutulia gani kunapimwa hivyo? Mimi mwenyewe ukiniuliza kwa ofisi nitasema nimetulia.

Mwezi wa 10 kukavunjwa duka moja karibu na stejini. Ilikuwa bado watu wa Nakuru wana hofu, hakuna aliyesahau 2022 na lile genge la Confirm na akina mama waliouawa Mawanga, kwa hivyo polisi wakifanya msako wanazoa kila mwenye jina lililowahi kuandikwa mahali. Wakamzoa. Usiku huo duka lilipovunjwa alikuwa kwangu mpaka saa tatu tukimaliza vitanda 12 vya shule fulani ya Njoro, na nilienda stesheni kusema hivyo nikaambiwa nitulie mzee, utaandika statementi kesho. Nikapigia ofisa simu, haishikwi. Nikaenda ofisini kwake, nikaambiwa yuko kortini. Nikaenda kortini, nikaambiwa ametoka kwenda rimandi kuhoji watu. Siku nne kijana alikaa seli, ya tano wakamwachilia bila kosa, na zile siku nne karibu zimrudishe nyuma kabisa, alitoka macho yamekauka akasema "Fundi, sasa nimebadilika ya nini?"

Yule mama wa raba angejibu swali la polisi kwa dakika 2, maana alijua kijana analala wapi, anakula na nani, anamaliza kazi saa ngapi. Haiko kwa kompyuta hiyo. Iko kwa miguu.

Nilienda kugombana na ofisa mpya nikiwa nimejiandaa. Nikamkuta nyuma ya meza, faili zimepangwa pande zote mbili mpaka unaona kichwa na kalamu tu, nyingine ziko chini zimeegemea ukuta, na yeye anachapa kwa kompyuta iliyokuwa inazima kila stima ikipepesa. Hasira ikaniisha nusu. Akanitolea stuli akaniambia, mzee, nisamehe, na akanionyesha faili moja moja ni za nini. Ndiyo siku nilielewa hii kazi imebadilika vipi, na mengine nikayasoma mwenyewe kwa simu usiku maana nilishikwa na hamu.

Mwanzo kabisa hii kitu ilianzishwa na fundi. Si utani, alikuwa fundi wa viatu kule Boston, Marekani, jina lake John Augustus, mwaka 1841 akiwa kortini akaona mlevi anaenda kufungwa, akamwambia hakimu niachie huyu nitamwangalia. Akapewa wiki tatu, akamrudisha mtu yuko sawa hajalewa, korti ikampiga faini ya senti moja. Mpaka anakufa 1859 alikuwa amewadhamini watu karibu 2,000, kwa pesa yake na kwa kutembea. Waingereza wakaja kutunga sheria yao 1907, na hapo waliandika kazi ya ofisa kwa maneno ambayo kwa Kiswahili ni kumshauri mtu, kumsaidia na kuwa rafiki yake. Rafiki, iko kwa sheria. Huku kwetu wakoloni wakaleta sheria 1943 na kazi ikaanza 1946, na najua hawakuileta kwa kutupenda, lakini mfumo ulikuwa ule ule wa mtu mmoja kumfuata mtu mmoja.

Sasa angalia vile mzigo umepanda. Mwaka 1998 ikaja sheria ya kutumikia jamii, kile tunaita kifungo cha nje, ya makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3, na wa kusimamia ni hao hao. Kila asubuhi kuna mtu anafagia kwa chifu, anafyeka hospitalini, anapanda miche, na ofisa anatakiwa ajue kama amefika. Ikaja Katiba ya 2010, Kifungu cha 49 kikasema mtu aliyeshikwa ana haki ya dhamana isipokuwa kuwe na sababu nzito, jambo zuri sana, lakini hakimu atajuaje kama huyu atatoroka ama atatishia mashahidi? Anaitisha ripoti ya dhamana, mwandishi ni probesheni. 2014 ikaja sheria ya kulinda waathiriwa, sisi tulioibiwa na waliopigwa na waliofiwa tukapata sauti kortini, na mara nyingi wanaotufuata kutuuliza ni hao. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikaamua ile kesi ya Muruatetu, kwamba hakimu hawezi kulazimishwa kutoa hukumu ya kifo bila kusikiliza mtu, na watu waliokuwa wamehukumiwa kifo wakaanza kurudi kortini kuhukumiwa upya, na kila mmoja ripoti, ofisa asafiri mpaka kijijini kwa waliofiwa awaulize kama moyo umepoa. Ongeza wale wanaoomba msamaha wa Rais, ongeza watoto wanaotoka borstal, ile jela ya vijana kule Shikusa, wakirudi nyumbani, ongeza ile hosteli ya probesheni ya wasichana hapa Nakuru na ya wavulana Kimumu, Eldoret. Wote ni wa ofisa huyo huyo.

Hakuna hata sheria moja hapo naipinga. Zote ni nzuri, na ile ya 2014 ndiyo ilifanya nikaulizwa mimi. Lakini ripoti ina tarehe na ina hakimu anayeingoja, asipoipeleka anaitwa kueleza. Kumtembelea kijana Kaptembwo jioni hakuna tarehe na hakuna anayeuliza. Wewe ungefanya gani kwanza? Ndio maana nasema huyu ofisa si mvivu, amegeuzwa karani wa korti, na kijana amebaki na kitabu cha sahihi.

Najua kuna watakaosema basi tuwafunge tu. Nendeni jela ya Kodiaga kule Kisumu siku ya kutembelea, ama hapa GK, jela yetu ya Nakuru, muone vile wanalala. Kijana wa miaka 19 aliyeiba nyaya akiwekwa na watu wa bunduki hatoki akiwa mwizi wa nyaya tena, anatoka na shahada. Na pia sisemi kila mtu apewe probesheni. Kuna jamaa hapa alimpiga mke wake akamvunja mkono, akapewa masharti akarudishwa nyumba ile ile, mke ndiye akahama na watoto. Sijui nani aliandika hiyo ripoti lakini sidhani alifika kwa huyo mama akakalia debe. Na kuna mwingine, kijana wa rika la huyu wangu, alipewa nafasi kama hiyo hiyo na kabla ya miezi mitatu alikuwa ameiba tena kwa shangazi yake. Wengine hawashikiki. Lakini hata huyo, kama kungekuwa na mtu anapita, ingejulikana mwezi wa kwanza.

Na hizi kazi za nje nazo, ziangaliwe. Mama wa chang'aa anashikwa leo, anapelekwa kufagia kwa chifu wiki mbili, akimaliza anarudi kupika kwa sababu ufagio haulipi karo. Mwezi ujao tena yuko hapo na ufagio, chifu amemzoea mpaka wanasalimiana kwa jina la mtoto. Tangu sheria ya Mututho ya 2010, ile ya kudhibiti pombe, nimeona akina mama wale wale. Ofisa mwenye nafasi angeuliza huyu mama anaweza kuuza nini kingine, angempeleka kwa chama, kwa mtu wa mfuko wa akina mama. Ofisa asiye na nafasi anahesabu siku alizofagia, basi.

Watu wa serikali wakisikia hivi wanasema kuna wale wa kujitolea, wasaidizi wa probesheni wa hapa mtaani. Ni kweli wapo, na ni wazo tulitoa Japani, kule wana sheria yao tangu 1950 na watu karibu 47,000 wa kujitolea, wengi ni wazee wastaafu na wenye maduka, wanakaa na mtu sebuleni wanakunywa chai wanaongea. Ni kitu kizuri. Lakini huyo mzee wa Japani ana pensheni. Wetu hapa ni mama anayeuza sukuma na unamwambia afuatilie watu watano Rhonda na Kaptembwo na Mwariki, atumie kredo yake, alipe boda yake, na mtu akimfanyia fujo hana hata kitambulisho cha kuonyesha polisi. Mwaka mzima atajitolea? Nimezungumza na mmoja, aliacha mwezi wa nne, si kwa ubaya, mtoto alikuwa anafukuzwa shule. Mpe kredo na nauli tu, hata si mshahara, na umpe barua yenye mhuri, uone.

Wala tusikimbilie kuwapa makampuni. Uingereza kwenyewe walikotutolea hii sheria walijaribu 2014, wakachukua wale wanaoonekana si hatari wakawapa kampuni za kibinafsi ziwaangalie, mambo yakaharibika na 2021 wakarudisha yote kwa serikali. Kampuni inalipwa kwa kuhesabu vichwa, na kichwa ukikipigia simu umeshakihesabu.

Ninachoomba ni kitu kidogo na kiko wazi. Hizi ripoti zigawanywe, kuwe na wa kuandika na wa kutembea, ama huyo huyo apewe siku mbili kwa wiki ambazo hakimu hawezi kumuita, na pikipiki yenye mafuta. Nilisikia pikipiki ziko mahali zimeegeshwa, mafuta ndiyo hayako. Sitaapa kwa hilo maana nimesikia tu, lakini anayejua atujibu hapa hapa kwa ukurasa huu. Kijana asiitwe ofisini, ofisa aende aliko kijana. Na sisi tulioibiwa tuambiwe mambo yanaendaje, si kuulizwa mara moja halafu tunasahaulika. Mimi sikuambiwa miezi 18 imeisha, nilijua kwa sababu kijana aliacha kuomba ruhusa ya kwenda tauni.

Jambo lingine ni cheti. Huyu kijana alikuwa anajua kazi lakini ukiomba kandarasi ya shule wanauliza karatasi. Nikampeleka kufanya mtihani wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, ule wa gredi ya tatu, ada nikatoa mimi nusu na nyanya yake akauza kuku watatu na jogoo. Hakuna ofisi iliyotusaidia, na si kwamba tulinyimwa, ni kwamba hakukuwa na wa kumuuliza. Nikawaza, kama yule mama wa raba angekuwa bado yuko angejua pa kubisha hodi. Siku ya mtihani alimchomea mtahini kiungo cha pembe, akaambiwa arudie kwa sababu mkono ulitetemeka, akarudia, wa pili ukatoka laini kama mshono wa fundi cherehani. Alipita. Alinionyesha ile karatasi akiwa ameikunja mara nne mfukoni, nikamgombeza, sasa iko kwa fremu niliyomtengenezea kwa chuma cha nusu inchi, imetundikwa kwa nyanya.

Nimejaribu kumtafuta yule ofisa nimwambie. Nilimpigia ile namba ya zamani ikaingia kwa mtu mwingine anauza kuku wa kienyeji huko Subukia. Wengine walisema alihamishiwa upande wa Kakamega, wengine Bungoma. Popote aliko nadhani naye sasa amezungukwa na faili, na zile raba ziko chini ya meza safi kabisa.

Kijana sasa ana kibanda chake Njoro, ameanza na mashine ya mtumba niliyomuuzia kwa kulipa polepole, na wiki jana nilipita nikamkuta na kijana mwingine anamshikia athi, sikuuliza ametoka wapi. Kwa ile elfu 6 ya korti alilipa mwezi kwa mwezi bila kuruka, isipokuwa mia tano ya mwisho, hiyo bado namdai, na akisoma hapa ajue sijasahau.

Fundi wa vyuma,
Kaptembwo, Nakuru